Jina la Chuo Chini ya Jina Lako

Wiki ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu, ngazi za jengo moja kuukuu nyuma ya Tom Mboya Street hugeuka soko. Wanafunzi hujipanga kutoka barabarani hadi orofa ya pili, wamezikumbatia karatasi zao kama watoto wagonjwa, na harufu ya gundi inawashukia kutoka juu. Huko juu ndiko Ogutu alikokuwa na chumba chake cha kujalidi na kuchapa: mashine ya kukatia karatasi, vitambaa vya majalada vya kila rangi, na herufi za shaba za kupigia majina kwa dhahabu.

Kanyiva alifika Jumatatu adhuhuri, gauni lake la rangi ya haradali limelowa mvua mabegani, viatu vya kisigino mkononi.

"Sasa. Hapa mnabaindi?"

"Poa. Hapa tunabaindi na tunafuta machozi. Chuo gani?"

"Whitcombe."

Mtu kwenye ngazi akapiga mluzi. "Whitcombe! Madam, huko Kitisuru hamna gundi?" Foleni nzima ikacheka.

Wacha wacheke. Wenye kumbukumbu ndefu wanajua Whitcombe ilianza kama mabanda mawili ya mabati na walimu wanne wa uchapaji. Aliyekataliwa kila mahali alikimbilia huko. Kisha wakapandisha karo, wakajenga lango la mawe, wakapanda maua, wakaanza kukataa watu. Siku walipoanza kukataa watu, ndiyo siku walipoanza kuitwa bora. Mabanda yakabomolewa. Walimu wanne hakuna anayewakumbuka.

Kesho yake Kanyiva alirudi akaikuta tasnifu yake mezani, haijaguswa na gundi.

"Fundi, bado?"

"Nilikuwa naisoma."

"Nani alikutuma uisome?"

"Mimi sifungi kitu sijakisoma, dada. Miaka kumi na moja. Nimesoma za madaktari, za mahakimu, za mapadri." Akafungua ukurasa wa sitini na moja. "Hapa umesema hadhi ya chuo hutengenezwa na wale kinaowafungia nje, si wale kinaowafundisha. Maneno mazito. Sasa mbona kwa jalada jina la chuo ni kubwa kuliko lako?"

"Ndivyo chuo kinataka."

"Na wewe unatakaje?"

Kanyiva alifungua kinywa kumgombeza, kicheko kikamtoroka. Alicheka hadi akaketi juu ya maboksi ya karatasi. Alipoondoka, namba yake ilikuwa kwenye simu ya Ogutu, na jina lake lilikuwa juu ya jalada, kubwa kuliko la chuo kwa unywele mmoja. Hakuna mkaguzi aliyegundua.

Basi yakaanza ya simu. Kanyiva alikuwa amepata kazi kwenye benki Upper Hill, orofa ya kumi na nne, na kila mapumziko ya chakula alimpigia.

"Fundi wangu, leo umesoma nini?"

"Magonjwa ya ng'ombe, jaber. Kutoka chuo kidogo cha huko Kitui ambacho hata wewe hukijui. Msichana ameandika nikalia."

"Ukalia kwa sababu ya ng'ombe?"

"Ng'ombe wa baba yake alikufa, akaenda kutafuta kwa nini. Wenu wa Whitcombe wanatafuta kwa nini ili wapate alama."

"Wee! Chunga mdomo, mwendwa. Hao wetu ndio wanakulisha."

Ogutu alimwita jaber, mrembo kwa Kijaluo; Kanyiva alimwita fundi mbele yake, mwendwa, yaani mpenzi, akimmiss, na Ogutu tupu akikasirika. Mbele ya wenzake wa kazini hakumwita kitu. Hilo Ogutu alilijua, akalimeza.

Jumapili moja ya Machi Kanyiva alimpeleka Spring Valley kwa babake. Mzee Mwololo alikuwa mkaguzi mstaafu wa vyuo, mjane, mtu wa sweta na suspenda hata jua likiwaka. Walikaa verandani, chai na viazi vitamu mezani.

"Na wewe, mwanangu, umesoma wapi?"

Kanyiva akawahi. "Yuko kwa mambo ya uchapishaji, baba."

"Sikukuuliza wewe."

Ogutu aliweka kikombe chini. "Sikwenda chuo, mzee. Nilimaliza kidato cha nne Ugenya, nikaja kufagia chumba cha mjalidi vitabu. Nilianza kusoma nilichokuwa nakifunga. Hadi leo."

Mzee alimsogezea sahani ya viazi. "Haya, wewe uliyevisoma vyote. Kipi bora?"

"Gundi ni ile ile, mzee. Karatasi ni ile ile. Bora ni yule aliyekuwa na swali."

"Mimi nimekagua vyuo miaka thelathini," mzee alisema polepole. "Kila nilipofika, kitu cha kwanza walichonionyesha kilikuwa lango. Maktaba tulifika jioni, ufunguo haupo." Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Wewe leta mbuzi. Agosti niko nyumbani."

Kwa Wakamba, neno hilo halirudishwi. Mbuzi wa ntheo wakishapokelewa, msichana ana mwenyewe.

Lakini langoni Kanyiva alimnong'oneza, "Si ungesema tu uko publishing? Ingekugharimu nini?"

"Ingenigharimu jina langu."

"Aki wewe unapenda kupigana."

Agosti haikumkuta mzee. Mapafu yalimwangusha Juni, akalala hospitalini wiki tatu, akafa asubuhi ya Alhamisi, miwani ikiwa kifuani.

"Fundi," Kanyiva alilia kwenye simu. "Programu ya ibada uchape wewe. Usimpe mtu mwingine amguse baba."

"Nitumie, mpenzi. Nitachapa kwa mikono yangu."

Nchi hii, hata maiti husindikizwa na shahada za wanawe. Katika kila programu ya mazishi kuna ukurasa wa familia: baba wa fulani, na chuo chake kwenye mabano, babu wa fulani, na benki yake kwenye mabano. Waombolezaji husoma mabano kabla ya kumtazama marehemu. Ogutu alikuwa amezichapa mamia, akazitukana zote kimoyomoyo. Hii aliisoma taratibu. Wana, dada, wajukuu. Mstari wa mwisho: *Mkwe mtarajiwa: Ogutu (Chuo Kikuu cha Whitcombe).*

Alisimama. Akaketi. Simu ilikuwa pale mezani, angeweza kuuliza. Hakuuliza. Alifuta mabano, akatazama jina lake lililobaki peke yake, akaliona kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Akalifuta nalo. Akachapa nakala mia tatu.

Siku ya ibada, kanisa la Westlands lilijaa hadi nje. Ogutu aliketi nyuma kabisa, ndani ya koti la kijivu alilolinunua kwa ajili ya ntheo. Mwendesha ibada aliita familia kuweka maua, akifuata programu mstari kwa mstari. Wana. Dada. Wajukuu. Kisha akaifunga.

Kule mbele, Kanyiva, mwembamba ndani ya nguo nyeusi, aligeuka. Mkononi alikuwa na ua moja la ziada, jeupe. Macho yake yalitafuta safu kwa safu hadi yakamfikia. Mguu wa Ogutu ulisogea. Lakini nani husimama asipoitwa? Aliketi. Kanyiva alilishikilia lile ua hadi jeneza likatoka.

Alipiga simu kutoka Mwingi, kijijini kwao, baada ya maziko. "Umejifuta. Mbele ya baba yangu, Ogutu."

"Nilifuta mtu wa Whitcombe. Mimi sikuwemo."

"Wajomba wameuliza yuko wapi aliyeahidi mbuzi. Ningesema nini?"

"Si ungewaambia ako publishing."

Simu ikakatika. Wajomba nao walikata lao: asiyesimama kwenye msiba wa mzee haleti mbuzi kwake.

Wiki sita baadaye Kanyiva alipanda zile ngazi, viatu miguuni. Foleni haikuwepo. Alitoa daftari dogo la babake, akalifungua ukurasa wa mwisho.

"Aliandika hospitalini. Alijua. Alipanga kila kitu, hadi nyimbo. Mimi nilinakili tu." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Mstari mmoja ndio niliubadilisha."

Mwandiko wa mkaguzi ulikuwa umetetemeka, lakini ulisomeka: *Mkwe wangu ni Ogutu, fundi wa vitabu. Hakuna chuo kilichompa elimu, aliichukua mwenyewe.*

Ogutu aliusoma mara tatu. "Wewe ukalibadilisha neno la mzee. Mimi nikalifuta."

"Niliona haya. Mabosi wangu walikuwa wanakuja. Nisamehe, mwendwa. Nitawaendea wajomba mwenyewe, nitawasomea."

"Nimekusamehe, jaber. Nijibu tu kitu kimoja. Kesho pale orofa ya kumi na nne wakikuuliza mumeo alisoma wapi, utasema nini?"

Kanyiva aliinua uso. Akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi moja tu, fupi, lakini wote wawili waliisikia ikipita, na alipotaka kusema kitu baada yake, Ogutu alitikisa kichwa taratibu.

"Hujachelewa kwangu," alisema. "Umechelewa kwako. Bado haya inakutangulia kujibu."

Kanyiva alilia bila kujificha. Kisha akalisukuma daftari mezani. "Nifungie. Jalada gumu."

Ogutu alichagua kitambaa cheusi, akapaka gundi, akabana. Akazipasha moto herufi za shaba, akalipiga jina kwa dhahabu, herufi moja moja: MWOLOLO. Kwa mazoea mkono wake ukashuka chini, mahali pa chuo.

"Na hapa chini niandike nini?"

Kanyiva alifuta macho kwa kiganja. "Acha wazi," alisema.

Akalichukua likiwa bado moto, akashuka ngazi.