Nyumba Thelathini na Nane

Kila alfajiri kabla ya kwenda shule, Wening alimsaidia mama yake kufunga soya katika majani ya mgomba ili ichachuke na kuwa tempe ya kuuza. Mama Marsih alichemsha, binti akafunga, na vifurushi vikapangwa kwenye rafu iliyoinuliwa kutoka sakafuni. Katika mtaa wa Wetan Kali hakuna aliyeuliza kwa nini. Mvua za Januari zikinyesha saa moja tu, mtaro uliojaa matope ulifurika, na maji meusi yakaingia ndani bila hodi.

Wiki moja mwezi huo yalifika mpaka kwenye rafu hiyo. Tempe yote ikaharibika, na miguu ya Mama Marsih ikatoka vidonda.

"Jumamosi kuna mkutano wa kata," mama alisema huku akijipaka dawa. "Watachagua mambo matano ya kupeleka halmashauri ya jiji. Mwaka jana mtaro wetu uliandikwa wa nane."

"Na la nane linapelekwa?"

"Wapi! Linabaki kwenye karatasi. Na mwaka huu mwenyekiti wetu, Mzee Tarmidi, ameshatangaza la kwanza: lango jipya la mtaa. Lenye taa."

"Lango?" Wening alifoka. "Ili maji yaone pa kuingilia?"

Mama alicheka licha ya maumivu. "Basi kamwambie wewe."

"Nitamwambia."

Siku tatu mfululizo baada ya masomo, Wening na rafiki yake Galuh walibisha hodi katika nyumba zote mia moja na kumi na mbili za mtaa. Waliuliza swali moja tu: maji yameingia mwezi huu, na yalifika wapi? Majibu waliyaandika kwenye daftari. Jumla ikawa nyumba thelathini na nane.

Galuh alikunja uso. "Hizo tu? Watatucheka, shoga yangu. Zigeuze tarakimu, iwe themanini na tatu. Nani atajua?"

Wening alisita. Kisha akazigeuza.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wening aliponyoosha mkono, Mzee Tarmidi alimkata jicho. "We mtoto, hapa si darasani. Kaa chini."

"Mkutano ni wa wakazi, mwenyekiti, naye ni mkazi," alisema Bibi Retnani, mtendaji wa kata. "Sema, mwanangu."

"Nyumba themanini na tatu zinaingiwa na maji!"

Ukumbi ulivuma. Watu wakaanza kupaza sauti: mtaro, mtaro! Bibi Retnani alishika kalamu. "Basi hili ni kubwa. Naandika themanini na tatu. Wataalamu wa halmashauri watakagua nyumba moja moja kabla madiwani hawajapitisha."

Moja moja! Wening alikumbuka zile thelathini na nane za daftari. Galuh alimvuta sketi na kumnong'oneza, "Nyamaza, tumeshashinda." Lakini Wening aliitazama ile kalamu ikiandika, akaona aibu kuliko alivyowahi kuona.

"Bibi, futa," alisema. "Nimedanganya. Ni thelathini na nane."

Vicheko vikalipuka. Mzee Tarmidi akapiga meza. "Mmemsikia? Mwongo! Kaa chini, turudi kwenye lango."

"Sikai!" alisema Wening. "Nimekosa, na nimekiri mbele yenu. Ila hizo thelathini na nane si uongo, na nitazisoma zote." Akafungua daftari. "Ya kwanza, kwa Mama Sumirah. Maji yalifika magotini. Ya pili, kwa Mzee Paimin. Godoro limeoza."

"Inatosha!" alikemea mwenyekiti.

"Haijatosha. Ya tatu..."

Mama Sumirah akasimama. "Kweli, kwangu yalifika magotini." Mzee Paimin naye akainuka. Kila nyumba iliyosomwa, mwenyewe alisimama, na vicheko vikakoma kabisa.

"Ya ishirini na mbili," Wening alisema, akimtazama mwenyekiti usoni, "kwa mama yako mzazi, Mzee Tarmidi. Tulimkuta amekaa juu ya meza."

"Mbona hakuniambia?" Mzee Tarmidi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Alisema una shughuli za lango."

Kura zilipopigwa, mtaro ukawa wa kwanza. Mkono wa mwenyekiti ulichelewa kuinuka, lakini uliinuka.

Mwezi uliofuata wataalamu walikuja na orodha, wakaingia kila nyumba, wakapima alama za maji ukutani. Zote thelathini na nane zilikuwa sahihi. Madiwani wakapitisha, na mwaka uliofuata, kabla ya mvua, mtaro ulichimbwa upya na kujengwa kwa zege.

Siku kazi ilipokamilika, Bibi Retnani alisimama na Wening kando ya mtaro.

"Kuna kata iliyoandika nyumba mia mbili," alimwambia. "Wakaguzi walikuta hamsini, na ombi lote likatupwa, pamoja na hizo hamsini zilizokuwa za kweli. Wewe ungewafanyia hivyohivyo majirani zako. Ukiwa na haki, mwanangu, ipiganie hata wakubwa wakikukaripia. Lakini usiiongezee uongo, kwa sababu siku uongo ukigundulika, hakuna atakayekusikiliza ukisema kweli."

"Nilidhani thelathini na nane ni chache, Bibi."

"Chache?" Bibi Retnani alimwonyesha milango iliyopangana kando ya mtaro. "Hebu kawaambie wanaoishi humo."