A ya Mteremko

Kila muhula ulipofunguliwa, wanafunzi wa fizikia walipanga foleni nje ya ofisi ya mshauri wao wa masomo, mama mmoja mkavu wa maneno, ili awaidhinishie masomo waliyochagua. Safari hii kijana aliyeitwa Mwanasayansi alisimama kifua mbele. Jina hilo alipewa na dada yake aliyemlea, na mtaa mzima ukalidaka. Alikuwa akiitamani fizikia ya tiba, somo ambalo wanafunzi wake hufanya mazoezi hospitalini, kwenye mashine za kupigia picha za mifupa. Dada alikwisha kuwatangazia majirani.

Rafiki yake wa tangu utotoni, Mzito, ndiye aliyetangulia kuingia. Muhula uliopita Mzito alisoma hisabati ya juu, iliyofundishwa asubuhi na mapema na mwalimu asiyejua kucheka. Mwanasayansi aliikwepa, akachagua historia ya elimu ya nyota, somo la mteremko, akapata A. Mzito alitoka jasho mpaka akaambulia C, na Mwanasayansi alimcheka mbele za watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini yeye alijiona mjanja.

Mzito akatoka, ameidhinishiwa fizikia ya tiba. Mwanasayansi akaingia. Mshauri akayapitia matokeo yake, akauliza hisabati ya juu, sharti la kuingia fizikia ya tiba, iko wapi.

"Nilijisomea mwenyewe, mwalimu."

Ulikuwa uongo mtupu. Kitabu hata hakukifungua.

Mama yule hakubishana. Aliandika ubaoni hesabu ya jinsi mionzi inavyopungua ikipita mwilini, akampa chaki. Mwanasayansi akachora alama ya sawasawa, akaishia hapo. Wenzake walikuwa wakichungulia mlangoni. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Rafiki yako ana C, lakini hii anaiweza," mshauri akasema taratibu. "Hisabati utaisoma sasa, pamoja na wa mwaka wa kwanza. Fizikia ya tiba uje mwakani, nafasi zikiwepo."

Siku ya kwanza ya kipindi, alipoingia darasani, wanafunzi wapya walimwamkia wakidhani ndiye mwalimu. Alikwenda kuketi nao. Wakati huo Mzito alikuwa hospitalini, amevaa koti jeupe.

Jioni alimweleza dada yake yote, hata ule uongo. Dada aliacha kukunja nguo.

"Mwaka utapita, mdogo wangu, na somo utalipata," akasema. "Mimi linaloniuma ni huo uongo. Mwalimu alikuwa na ubao wa kukupima. Mgonjwa hana ubao. Angelala tu mbele ya mashine yako, akikuamini."