Adventina Aita Msaada

Kila Jumamosi, akishachota maji na kuanika dagaa, Adventina aliomba ruhusa kwa mama yake na kukimbilia nyumbani kwa Mjomba Gasper. Wenzake pale Kiriba walicheza rede. Yeye raha yake ilikuwa redio. Si redio ya muziki, bali ile ambayo mjomba aliitumia kuzungumza na watu wa mbali, akiwa na leseni ya serikali, bila kulipwa hata senti, kwa kuipenda tu. Mara nyingi hawakutumia sauti zao. Walibonyeza kibonyezo kidogo cha chuma, na milio mifupi na mirefu, yaani nukta na vistari, ikawa herufi. Hiyo ndiyo Morse, na Adventina wa darasa la sita aliijua kuliko jedwali la kuzidisha.

Kibonyezo kilikuwa kimoja. Waya wake ukichomekwa kwenye kengele ya mazoezi, mlio uliishia humo chumbani. Ukichomekwa kwenye redio, ulifika Bunda na mbele zaidi. Ndiyo maana mjomba hakuchoka kumwambia, "Kabla hujabonyeza, fuata waya kwa kidole mpaka mwisho. Macho yanadanganyaga."

Jumamosi hiyo mjomba alikuwa ameitwa kanisani kutengeneza spika za kwaya. Adventina aliingia, akavaa hedifoni kama afanyavyo mjomba, akaanza kubonyeza. Kidole hakikufuata waya wowote. Mlio aliousikia ulikuwa uleule aliouzoea, na alifurahi kuona mkono wake umekuwa mwepesi. Akaamua kujaribu ujumbe mgumu, ule wa hatari. Nukta tatu, vistari vitatu, nukta tatu: SOS. Kisha akaongeza, "Boti Neema inazama. Kiriba." Neema ilikuwa boti ya Burito, baba wa rafiki yake Nyangi. Ndilo jina lililomjia kichwani.

Ghafla hedifoni zikalia zenyewe. Adventina akazisoma herufi moja moja, na kila herufi ilimwongezea baridi mgongoni.

"Hapa Bunda. Nimekusikia, Neema. Jipeni moyo. Msaada unakuja."

Alishusha macho kwenye waya. Ulikuwa umechomekwa kwenye redio.

Mtu mwenye akili timamu angejibu palepale kwamba amekosea, lakini hofu haina akili. Adventina aliwaza leseni ya mjomba ikichukuliwa kwa sababu yake, akawaza fimbo ya mama. Akazima redio, akachomoa waya na kuurudisha kwenye kengele, kisha akatoka akaketi kibarazani kama mtu aliyefika sasa hivi.

Haikupita muda Mjomba Gasper akaja mbio, jasho linamtiririka, simu mkononi.

"Adventina! Mwalimu Nicolaus, mwenzangu wa redio, amenipigia kutoka Bunda. Amesikia Neema inazama! Wewe umesikia chochote?"

"Hapana, mjomba," alijibu, na ulimi ulikuwa mkavu kama gamba la samaki.

"Burito alikwenda na boti soko la Mwigobero asubuhi, na simu yake haipatikani. Twende mwaloni."

Habari zilikuwa zimeshaenea kutoka kanisani, na pale mwaloni, boti zinapoegeshwa, watu walikuwa wamejaa. Wingu jeusi lilikuwa limefunika ziwa hata mchana ukafanana na magharibi, na mawimbi yalipiga mchanga kwa hasira. Mama Nyangi alikuwa ameketi chini, kanga imemwanguka mabegani, akiita jina la mumewe. Nyangi alimkimbilia Adventina akamkumbatia kwa nguvu.

"Rafiki yangu, baba yangu anakufa!" alilia.

Adventina hakuweza hata kumpapasa mgongo. Alijua Burito hakuwa ameita msaada wowote, lakini neno liligoma kutoka.

"Fredi na wenzake wawili wametangulia kwenda kumtafuta," mzee mmoja alimwambia mjomba. "Wameacha na simu zao hapa zisilowe. Ile kule mashua yao, inapandaga na kupotea. Naogopa hatutawaona tena hawa vijana."

Mjomba Gasper alivua viatu. Akaingia majini hadi magotini, akashika ukingo wa boti ya pili. Hapo Adventina aliona jambo alilokuwa akikataa kuliona: mjomba anakwenda kufa kwa ajili ya mtu ambaye hayuko.

"Mjomba, usiende!" alipiga kelele, akaingia majini na sketi yake. "Ni mimi! Ni mimi niliyeita! Sikufuata waya. Nilidhani ni kengele. Halafu nikakudanganya!"

Mama Nyangi aliinua kichwa, akamtazama kwa macho mekundu. Adventina alisubiri kofi. Alilitamani, maana lingekuwa nafuu kuliko yale macho.

Mjomba hakumpiga. Aligeuka akalitazama ziwa, mahali mashua ya Fredi ilipokuwa ikirushwa huku na huku. Kisha akachukua taa kubwa ya kuvulia dagaa, akaiwasha na kuiweka juu ya jiwe. Akampa Adventina sinia.

"Fredi nilimfundishaga Morse kabla yako. Funika taa, funua, funika. Wewe uliyewaita, wewe uwarudishe."

Nukta, kistari, nukta. Hiyo ni R. Adventina aliandika RUDI kwa mwanga, akarudia, na kila aliporudia machozi yalimziba macho. Mashua ilipotea nyuma ya wimbi. Ikatokea. Ikapotea tena, na safari hii ilikawia hata Nyangi akaficha uso. "Usiache!" mjomba alisema. Hakuacha. Hatimaye pua ya mashua ikaanza kugeuka polepole, ikainama vibaya, ikanyooka, ikaelekea nchi kavu.

Fredi na wenzake walipokanyaga mchanga walitapika maji, lakini walikuwa hai. Muda si mrefu Burito akapiga kwa simu ya kuazima. Alikuwa bado Mwigobero akisubiri upepo utulie, na simu yake mwenyewe ilikuwa imeisha chaji. Mama Nyangi alicheka na kulia kwa pamoja. Adventina akapiga magoti mbele yake kuomba msamaha.

"Inuka, mwanangu," alisema Mama Nyangi. "Umenitesa leo, siwezi kusema hukunitesa. Lakini ungenyamaza kidogo zaidi, leo kijiji hiki kingekuwa na msiba."

Jioni, mjomba aliwasha redio. Kwanza alimweleza Mwalimu Nicolaus kwamba yeye mwenyewe alikosea kuacha redio imewashwa na waya umechomekwa humo, na kwamba atatoa taarifa kwa wakubwa waliompa leseni, liwalo na liwe. Kisha akamsukumia Adventina kibonyezo. Adventina alifuata waya kwa kidole mpaka mwisho, akaomba radhi herufi kwa herufi. Jibu likaja taratibu.

"Nimekusamehe. Ukiita tena, nitaitika tena."

Adventina aliinama juu ya meza akalia.

"Umesikia alivyosema?" mjomba aliuliza. "Mtu akisikia wito ule, haulizagi kama ni mchezo. Anaacha ugali wake anakwenda, hata kama ataacha watoto yatima. Kukosea waya ni kosa la mkono, na mikono yetu sote inateleza. Lakini ulipoficha, ulikuwa unalipia kosa lako kwa roho za watu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukikosea, mwanangu, sema palepale, wakati bado watu wako nchi kavu."