Kampuni Iliyofutwa kwa Mapenzi

Kiatu cheusi kilichong'arishwa kikang'ara kilitua katikati ya mstari wa njano, rangi ingali mbichi kabisa.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, mbele ya jengo la abiria wanaoondoka. Magari yalikuwa yakishusha watu, masanduku yakikwaruza sakafu, na kipaza sauti kikiita abiria wa mwisho wa ndege ambayo yenyewe ilikuwa imeshachelewa. Mwenye kiatu alikuwa na simu sikioni na faili kwapani. Koni nne za rangi ya chungwa alizipita kana kwamba zimewekwa kwa ajili ya watu wengine.

“Kaka,” sauti ya kike ilimwita kutoka chini. “Usinyanyue mguu.”

Akaganda. Aliyekuwa amechuchumaa hatua mbili kutoka kwake alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa hivi, kitambaa chekundu kichwani, tone la njano shavuni, na ovaroli ya buluu iliyomkaa kana kwamba imeshonwa kwa vipimo vyake. Na ndivyo ilivyokuwa, maana mama yake alikuwa fundi cherehani.

“Samahani sana, dada. Sikuona.”

“Koni nne hukuziona. Ungeona nini, ndege?”

“Nilikuwa naongea na simu.”

“Basi mwambie huyo wa kwenye simu akusubiri. Sasa nyanyua polepole, wima. Ukiburuta utanipa kazi ya saa nzima.”

Akanyanyua. Alama ya soli ilibaki imejichora, kuanzia kisigino hadi ncha ya kidole. Yule mwanamke akamtupia kitambaa chenye harufu kali ya dawa ya kusafishia rangi.

“Mimi?”

“Kwani alama ni yangu?”

Hivyo ndivyo yule kaka, ofisa mwenye tai ya zambarau, alivyopiga magoti mbele ya abiria mia mbili, akifuta kwa ustadi wa mtu ambaye hajawahi kufuta chochote. Mafundi wa yule mwanamke, ambao walimwita Mistari kwa sababu ya kazi yake, waligeuza nyuso pembeni wasije wakaangua kicheko.

“Jina lililoandikwa kwenye lile gari pale ndilo la kampuni yenu?” ofisa aliuliza, akijitafutia heshima.

“Gari na jina ni vya wakandarasi. Mikono na mashine ni vyetu. Wao wanapata kazi, sisi tunaichora. Imekuwa hivyo tangu enzi za baba yangu.”

“Hamjasajiliwa?”

“Tuna watu sita, mashine, na jina. Jina tu ndilo halijawahi kutoka nyumbani.”

Yule bwana akaacha kufuta. “Uwanja huu unajenga jengo jipya,” alisema. “Sheria inataka katika kila kandarasi kubwa liwepo fungu la kampuni ndogo zilizoachwa nyuma: za wanawake, za walemavu, za waliokosa mtaji wa kuanzia. Mimi ndiye ninayekokotoa hilo fungu.”

“Unalitoa wapi? Kichwani?”

“Hairuhusiwi. Nahesabu kampuni ndogo zenye cheti ambazo ziko tayari na zinaiweza kazi, halafu nazilinganisha na kampuni zote za kazi hiyo. Zikiwepo nyingi, fungu linakuwa kubwa. Isipokuwepo hata moja, ni sifuri.”

“Kwa mistari ni ngapi?”

“Kwa mistari ni sifuri.”

Mistari alitazama njano iliyonyooka kuanzia mlangoni hadi kwenye kituo cha teksi, kisha akamtazama yeye. “Basi umepiga magoti juu ya sifuri, kaka. Angalia suruali yako.”

Ofisa akaangalia. Magoti yote mawili yalikuwa ya njano. Akacheka, na kile kicheko, kisicho na ofisi ndani yake, ndicho kilichomfanya Mistari akubali kuandika namba yake ya simu juu ya lile faili.

*

Kwa wiki mbili walizungumza habari za cheti. Wiki ya tatu cheti kikawa kisingizio tu. Kila saa kumi na mbili jioni simu iliita, naye Mistari, ambaye hapo zamani simu aliiacha popote, akaanza kuibeba mpaka bafuni.

“Fundi wangu, umekula?”

“Nimekula vumbi la ofisi ya vyeti. Leo wametaka picha ya mashine, ya mbele na ya nyuma.”

“Kwani mashine ina mbele?”

“Ndilo nililowauliza. Nikatoka nje, nikaipiga picha ile ile mara mbili. Wamekubali.”

“Hayo usiniambie mimi, mpenzi. Mimi ni ofisa.”

“Saa kumi na mbili jioni wewe si ofisa. Wewe ni Asilimia wangu.”

Jina hilo alikuwa amebandikwa na wenzake kazini kwa kumkejeli. Mdomoni mwa Mistari liligeuka asali.

Siku ya kwanza walipokutana kwa miadi, kwenye kantini ya wafanyakazi wa uwanja, Mistari alivaa gauni la kijani lenye mikono mifupi, na Asilimia alipita meza yake mara mbili bila kumtambua. “Nilikuwa natafuta ovaroli,” alijitetea. “Ovaroli inafuliwa,” alijibiwa. “Kaa chini kabla sijabadili mawazo.”

Jumapili moja Asilimia alikwenda kwao Mistari. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili yenye uga mkubwa, cherehani barazani, na mashine ya kuchorea mistari imefunikwa shuka safi kama mgonjwa aliyelala. Mistari akampa ncha moja ya uzi uliopakwa chaki, akamwambia ashike kwa nguvu. Kisha akauvuta juu, akauachia ghafla. Vumbi jeupe likaruka, na juu ya saruji ukabaki mstari ambao jicho halikuweza kuulaumu.

“Rangi inafuata chaki,” alisema. “Chaki ikikosea, hata rangi ghali namna gani haitakuokoa.”

Mama mtu alisimamisha cherehani. “Mwanangu, wewe ndiye unayehesabu kampuni?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Baba yake alichora mistari miaka thelathini. Nusu ya barabara za mji huu watu wanapishana salama kwa mkono wake, na hakuna mahali palipoandikwa jina lake isipokuwa kaburini. Basi uhesabu vizuri.”

“Nitahesabu vizuri, mama.”

Cheti kilitoka baada ya miezi minne, kutoka ofisi nyingine kabisa, pasipo mkono wa Asilimia. Mama alishona jina la kampuni mgongoni mwa ovaroli sita kwa uzi wa njano. Majirani walikuja kuziona. Mmoja aliomba ajaribu, akakataliwa kwa upole.

*

Rasimu ya malengo, yaani yale mafungu ya kampuni ndogo, ilitangazwa siku ya Jumatano, ili wananchi waisome na kutoa maoni kwa siku thelathini. Mistari aliifungua kwenye simu, barazani, mama akisubiri na miwani puani.

“Tafuta sisi,” mama alisema.

Akatafuta. Kiambatisho cha pili: umeme, usafi, uzio, bustani. Uchoraji wa mistari: kampuni zote, tatu. Kampuni ndogo zilizoachwa nyuma: hakuna. Lengo: sifuri. Alisoma mara tatu, kila mara akidhani kidole kimeruka mstari.

Alipiga simu palepale. Haikuwa saa kumi na mbili.

“Kiambatisho cha pili,” alisema.

“Nilitaka nikueleze mwenyewe leo jioni.”

“Nieleze sasa.”

“Ulikuwepo kwenye orodha. Nikakutoa.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu nakupenda. Wakandarasi wakubwa wanatafuta pa kuivunjia hii ripoti. Wangesema nimemwingiza mpenzi wangu, na kampuni arobaini na nane nyingine zingeanguka pamoja nawe. Nilitaka mikono yangu iwe safi.”

“Ukanawia jina langu.”

“Mpenzi, sikiliza...”

“Uliniuliza?”

Mistari alisimama, akaegemea nguzo ya baraza.

“Miezi minne nimepanga foleni kwa ajili ya karatasi ile. Baba alifutwa na watu wasiomjua. Mimi nimefutwa na mtu anayejua hata namba ya kiatu changu. Na kwa kuwa nilikuwa peke yangu kwenye kazi hiyo, umeifanya iwe sifuri tena. Watu wangu watano watabaki kuwa mikono tu ya gari la mtu mwingine. Usinipigie.”

Akakata. Mama alirudi kwenye cherehani, akakanyaga, ingawa chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

*

Kesho yake Asilimia alisimama mbele ya mkurugenzi wake, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, asiyependa maneno marefu. Alimweleza yote. Mkurugenzi alifungua droo, akatoa karatasi moja.

“Hii unaijua?”

“Fomu ya kutamka maslahi.”

“Ukurasa mmoja. Unaandika jina lako, jina la mhusika, uhusiano wenu, unatoka mezani, mwingine anaendelea na hesabu. Wewe ukaona ukurasa mzito, ukaona bora ufute kampuni. Uliyepaswa kutoka ni wewe, si yeye.”

“Naona sasa, mama.”

“Ripoti umeifanyia kazi miaka miwili. Ukijaza hii, itatoka na jina la mwenzako.”

Aliijaza akiwa amesimama. Jioni ile, kwa mazoea, saa kumi na mbili alishika simu. Akakumbuka, akairudisha mfukoni.

*

Mkutano wa maoni ulifanyika katika ukumbi wa uwanja. Mbele walikaa wakandarasi wakubwa na suti zao. Nyuma, mafundi na wafanyabiashara wadogo waliokuja wakiwa wamevaa kana kwamba wanakwenda harusini. Mistari peke yake alivaa ovaroli. Mbele kabisa, kwenye kiti cha Asilimia, alikaa ofisa mwingine.

Msemaji wa wakandarasi, bwana mnene wa sauti nzuri, alisema hawana ugomvi na wadogo. “Lakini lengo haliwezi kuwekwa kwa huruma. Chukueni mistari. Rasimu yenyewe imekiri: hakuna mdogo anayeiweza. Sasa mnataka tumtafute wapi?”

Mistari alinyoosha mkono.

“Bwana umekuja na gari?”

“Ndiyo.”

“Umeliegesha wapi?”

“Hapo nje, kwenye maegesho.”

“Ndani ya mistari?”

Watu wakaanza kucheka. Bwana akatabasamu kwa tahadhari. “Ndani ya mistari.”

“Ile mistari nimeichora mimi, na hawa watano walioketi hapa. Njia ya watembea kwa miguu uliyoifuata mpaka mlangoni, tumeichora sisi. Gari tunalopanda kwenda kazini lina jina la kampuni yako. Umetutafuta wapi ukatukosa?” Akageuka, akawaonyesha mgongo wake, uzi wa njano ukang'aa chini ya taa. “Sikuja kuomba huruma. Nina cheti, nina mashine, nina watu. Nimekuja kuhesabiwa.”

Ndipo mtu akasimama kwenye safu ya mwisho kabisa, karibu na mlango. Tai ya zambarau.

“Kampuni hiyo ilikuwepo kwenye orodha,” Asilimia alisema. “Niliifuta mimi. Haikuwa na kasoro yoyote. Niliifuta kwa sababu nampenda mwenye kampuni, nikaogopa maneno. Hesabu ile sihusiki nayo tena. Kosa ni langu, na namwomba radhi hapa hapa, kwa kuwa hapa hapa ndipo alipokosekana.”

Minong'ono ikapanda. Mama mmoja mwenye kampuni ya usafi alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mume wake hajawahi kukiri hata kuvunja kikombe. Mkurugenzi aligonga meza, akamgeukia Mistari.

“Mashine ngapi?”

“Moja kubwa, moja ya mkono.”

“Ofisa, andika.”

Ofisa akaandika. Mistari alibaki amesimama mpaka kalamu ilipoacha karatasi. Nyuma yake mama yake, aliyekuja naye, alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akaipangusa tena. Mistari hakutazama kule mlangoni. Alitoka na watu wake kupitia njia ya watembea kwa miguu, wakitembea juu ya kazi yao wenyewe.

*

Lengo la mistari lilipitishwa: fungu moja katika kila manne. Mkandarasi mkubwa alilazimika kuita bei za wadogo. Kufikia hapo kulikuwa na kampuni mbili zaidi zenye cheti, zote za watu waliomsikia Mistari siku ile ukumbini. Alishindana nazo, akashinda kwa bei yake na kwa mstari wake. Asilimia alikuwa amehamishiwa ofisi ya mizigo iliyopotea. Aliposikia, alituma ujumbe wa maneno matatu: “Hongera sana, fundi.” Mistari aliusoma mara nyingi kuliko maneno matatu yanavyohitaji. Wiki ya pili ndipo alipojibu: “Asante. Jumatatu tunaanza mbele ya jengo jipya. Kuna koni.”

Jumatatu, saa tatu asubuhi, jengo lilinuka saruji mpya. Ubavuni mwa mashine lilikuwa limeandikwa jina la kampuni kwa herufi ambazo hata rubani angezisoma. Asilimia alikuja akitembea taratibu, akafika kwenye njano mbichi, akasimama.

“Leo umeziona koni,” Mistari alisema bila kunyanyua kichwa.

“Nimezihesabu. Ziko tisa.”

“Mizigo iliyopotea inasemaje?”

“Watu wanalia wakiipata. Nimeipenda kazi.” Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara mbili. “Fomu ya kutamka maslahi. Kila mfanyakazi anaijaza upya kila mwaka. Nimeandika jina langu. Nimeandika jina la kampuni yako. Kwenye uhusiano nimeacha wazi.”

“Umeshindwa kuandika?”

“Mara ya kwanza niliamua bila kukuuliza.”

Mistari akazima mashine. Wafanyakazi watano wakapata ghafla mambo ya kuangalia angani. Alivuka mstari kwa hatua moja ndefu, hakuugusa, akaichukua karatasi na kalamu, akamgeuza Asilimia, akaandika juu ya mgongo wake.

“Unaandika nini? Neno lenyewe mbona refu?”

“Tulia, utanipinda.”

Alipomrudishia, kwenye nafasi ile kulikuwa na neno moja, lililonyooka kama limepigwa chaki: *mchumba*. Kando yake, alama ya kidole ya njano.

Asilimia alilitazama mpaka machozi yakamlengalenga. “Hii ni sahihi yako?”

“Ni ya mwaka huu,” Mistari alisema, akirudi kwenye mashine yake. “Umesema hujazwa upya kila mwaka. Mwakani tutaandika mume.”