Aliyejibu Chini ya Msumeno

Siku ile jibu lilikuja mara mbili.

Milimita, fundi seremala, alikuwa amesimama kando ya msumeno wa meza, plagi mkononi, akimngoja dada yake amalize kufunga diski mpya ya kukatia huko chini ya meza. Swichi ya mashine ilikufa zamani, kwa hiyo plagi ndiyo iliyokuwa swichi: ukiichomeka tu, diski inazunguka. Kazi ya uvunguni ilikuwa ya dada, maana kitambi cha Milimita, mdogo wake, hakikuenea humo. Dada akishaibana nati ya diski kwa spana husema neno moja, naye Milimita huchomeka. Hawakuwa na utaratibu mwingine.

"Umekaza?"

"Nimekaza."

"Nimekaza."

Milimita akacheka. "Dada, nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Nimesema mara moja," dada akajibu huku akijitoa uvunguni, vumbi la mbao kichwani. "Kasafishe masikio."

Wakaendelea na kazi. Lakini Milimita alipopasua ubao wa kwanza, pua ikanasa harufu ya nywele zinazoungua, na ubao wenyewe ulikuwa mkavu, msafi, hauna hata fundo. Hakumwambia dada. Angeambiwa akasafishe na pua.

Diski ile mpya ikaisha makali upesi ajabu. Wakabadilisha tena, mchana kweupe, redio ya jirani ikibwabwaja. Milimita alisikia spana ikikwaruza, ikanyamaza.

"Umekaza?"

"Nimekaza."

Akainama. Meno ya plagi yalikuwa yamekwishagusa matundu ya umeme pale dada aliposema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ngoja kwanza, nati imenidondoka. Naitafuta."

Milimita akaitupa plagi mbali kana kwamba imemuuma. Akakaa chini.

"Dada, toka humo."

"Una nini wewe?"

"Toka, nakuomba."

Alipotoka akamweleza. Dada akajifuta viganja kwenye khanga. "Sauti yangu?" akauliza.

"Yako. Hata kale kakikohozi kako."

Milimita aliogopa, tena aliogopa vibaya. Mikono ile ilimfulia na kumlisha tangu mama yao alipofariki, naye nusura aikatekate mwenyewe, kwa kuchomeka tu. Akasema waiuze mashine. Dada akasema wakiiuza wamefunga karakana, na isitoshe, watamweleza nini mnunuzi, kwamba ndani yake kuna mtu?

Jioni hiyo, wakiwa sebuleni kwao nyuma ya karakana, walisikia spana ikizungusha nati, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda kokote, na Milimita alipochungulia dirishani aliona plagi imelala sakafuni palepale alipoitupa na diski ikizunguka hata hivyo, bila mngurumo, bila upepo, vumbi la mbao likipanda kutoka uvunguni na kutua mezani badala ya kuanguka, na ile harufu ya nywele ikapenya hadi kwenye chakula chao wakashindwa kula.

Kesho yake wakamwita mganga, mama mmoja mwenye maneno mengi. Alipoingia karakanani alilalamikia vumbi, akalalamikia misumari, akawasha ubani, akaizunguka meza akinyunyiza maji ya dawa. Kisha akaacha kulalamika.

Kutoka uvunguni sauti iliuliza, polepole, "Umekaza?"

Ilikuwa sauti ya Milimita. Milimita mwenyewe alikuwa mlangoni, amefumba mdomo.

Mganga akamziba dada mdomo kwa kiganja. "Usimjibu," akanong'ona. "Huyu jini amejifunza kazi yenu. Neno lenu ndilo mlango wake."

Sauti ikauliza tena, safari hii karibu na miguu yao, halafu tena, ikibembeleza, na mganga akasoma dua mfululizo, jasho likimtiririka, mpaka moshi wa ubani ukainama wote kwa pamoja na kutoka dirishani. Harufu ikakatika.

"Ameondoka," akasema akikusanya vitu vyake. "Neno lile msilitamke tena humu. Tafuteni njia nyingine ya kuelewana."

Wakaafikiana. Dada akishakaza atainua spana juu ya ukingo wa meza, Milimita aione kwa macho yake. Usiku huo Milimita alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mkasa uanze, hata utani ukamrudia.

Diski ilipokwisha makali, dada akaingia uvunguni. Hakuna aliyesema kitu. Spana ikakwaruza, ikanyamaza. Mkono ukachomoza ukingoni mwa meza, umejaa vumbi hadi kiwiko, umeinua spana juu kabisa. Milimita akashusha pumzi, akainama na kulenga plagi kwenye matundu.

"Mdogo wangu," dada akanong'ona kutoka chini, "mbona umeninyang'anya spana? Nirudishie, vidole vyangu bado viko kwenye nati."

Milimita akageuka polepole. Mkono ulikuwa bado pale ukingoni. Ukaitikisa spana kidogo, kama mtu anayekuhimiza umalize kazi.