Vidonge vya Kugawana

Chumba cha ushonaji kilikuwa na cherehani mbili, pasi moja na mkasi mmoja. Mchana jua liliingia dirishani. Mvuke wa pasi ulipanda polepole, na vumbi la vitambaa likaelea hewani. Saa hizo Mama Pindo alishona huku akiota macho wazi. Walimwita hivyo kwa sababu hakuna aliyemshinda kushona pindo.

"Umeshasafiri tena?" mwenzake alimtania. "Ukirudi, niletee uzi mweusi."

Mwenzake huyo aliitwa Kifungo, maana kazi ya vifungo ilikuwa yake. Wawili hao waligawana kila kitu: uzi, chaki, hata kikombe cha chai.

Lakini Mama Pindo hakuota kwa raha. Alikuwa akiyakimbia maumivu. Kwa miezi minne tumbo lilimuuma chini ya kitovu, likavuta hadi kiunoni. Akiwa faragha na mumewe, yalizidi. Basi akaanza kumkwepa. Leo amechoka, kesho kichwa. Mumewe, fundi rangi, alikuwa mtu wa mizaha. Sasa alikula kimya.

"Kama umenichoka, niambie tu," alisema asubuhi moja.

Mama Pindo alimpenda mno mume huyo, na aliogopa kumpoteza. Lakini kusema aliona aibu. Jamani, aibu hii imetuumiza wengi!

Alikwenda kituo cha afya kimyakimya. Akapewa vidonge vya siku kumi na nne. Muuguzi akamwambia, "Mwite na mumeo, naye atibiwe." Neno hilo alilimeza pamoja na kidonge cha kwanza.

Kifungo aliviona vile vidonge. "Hata mimi tumbo hunikata kila mwezi," alisema. "Kizuri kula na mwenzio!"

Wakacheka, wakagawana nusu kwa nusu.

Mama Pindo alipata nafuu siku chache. Kisha maumivu yakarudi, safari hii na homa. Kitambaa cheupe mbele yake kikawa kama wingu. Alitamani alale juu yake, aende nalo mbali. Kifungo akamshika mkono.

"Twende kwa muuguzi. Na tulichofanya nitakisema mimi mwenyewe."

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, mpole. Alisikiliza, hakufoka.

"Mteja akileta vipimo vyake, mnaikata nguo yake mkavae nusu nusu?"

"Hapana," walijibu, macho chini.

"Basi dawa nayo hupimwa kwa mtu mmoja."

Akawapima, kila mmoja peke yake. Alianza na Mama Pindo.

"Una maambukizi kwenye kizazi na mirija yake. Nusu dozi hupunguza maumivu, lakini vijidudu hubaki. Vikiachwa, mirija inaweza kuziba. Sasa utaanza dozi upya, uimalize hata ukijisikia mzima. Baada ya siku tatu urudi nikuone. Na mumeo?"

"Atasema nimetoka nje ya ndoa."

"Vijidudu vingine hukaa mwilini muda mrefu bila dalili. Huwezi kujua vilianzia kwa nani. Asipotibiwa, atakurudishia. Msikutane kimwili mpaka wote mmalize dawa na wiki moja ipite. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mwambie."

Kifungo alipoingia, aliambiwa mengine.

"Maumivu yako huja na hedhi, hadi yanakulaza. Hayo si ya kuvumilia tu. Dawa ya mwenzako haikuhusu. Nakuandikia barua uende kwa daktari wa wanawake."

Mwisho aliwaonya wote wawili: "Maumivu makali ya ghafla, homa, kuzirai, au maumivu wakati wa ujauzito, msisubiri kesho. Njooni saa hiyo hiyo."

Nyumbani, mumewe alikuwa uani akiosha brashi. Mama Pindo alipiga moyo konde, akasema yote.

"Mimi siumwi popote!" mume alijibu kwa ukali.

"Najua. Muuguzi amesema huenda usione dalili. Mimi ndiye ninayeumwa. Ndiyo maana nakukwepa."

Maji yalitiririka, yakawa ya bluu miguuni pao. Mume aliiweka brashi chini.

"Kumbe ulikuwa unaumwa? Mimi nilidhani umenichukia."

"Wewe? Nikuchukie?" Akalia.

"Basi kesho tunakwenda wote. Ila sindano naziogopa, nakuambia mapema."

Alitibiwa. Wakamaliza dozi, kila mtu yake. Kifungo naye alipata daktari, akaanza matibabu, na hedhi iliyofuata haikumlaza.

Wiki zikapita. Siku moja fundi rangi alisimulia kichekesho, akamvuta mkewe kiunoni. Kwa mazoea, Mama Pindo aliyasubiri maumivu.

Hayakuja. Akamsogelea zaidi.