Kirangozi Aliyeingia Peke Yake

Kasimiri alikutwa kifudifudi kando ya pipa la kuchemshia nta, kisogo kimepasuka. Ilikuwa saa moja asubuhi, Tabora, mwaka 1956, na Inspekta Mayala hakukipenda hata kidogo alichokiona.

"Kamati ya wafanyakazi ndiyo iliyomuua," alifoka meneja wa kiwanda. "Leo naivunja!"

"Subiri kwanza, bwana."

Lo, kamati yenyewe! Wafanyakazi arobaini waliihangaikia miaka miwili mizima, ndipo wakaruhusiwa kumchagua msemaji wao, Kasimiri. Wakamwita kirangozi, kama babu zao walivyomwita aliyetangulia mbele ya msafara. Tangu hapo hakufukuzwa mtu bila kusikilizwa. Sharti lao lilikuwa moja tu: kirangozi haingii kwa meneja peke yake.

Mayala aliokota upawa wa chuma. Ulikuwa na damu. Mpini wake ulikuwa na nta iliyoganda, na kwenye nta kulikuwa na alama za mkono wa vidole vinne.

Akawapanga watu wote. "Mikono mbele!"

Lugembe, mchochea moto, alitoa mmoja tu, huku akikohoa.

"Na huo mwingine?"

Akautoa polepole. Kidole cha mwisho hakikuwepo.

"Kwa nini, Lugembe?"

"Alituuza, afande! Juzi aliingia ofisini peke yake. Nilimwona kwa macho yangu akitoka anacheka. Leo alfajiri nikamuuliza kulikoni, akaniambia nisubiri Jumatatu. Hasira zikanipanda."

Mayala alimgeukia meneja. "Alifuata nini?"

Meneja akashusha sauti. "Mke wa huyu Lugembe, Nyamizi, alimwendea Kasimiri akilia. Mumewe anatema damu na anaficha, anaogopa kufukuzwa. Kasimiri hakutaka wenzake wajue. Alinibana mpaka nikakubali kumtoa kwenye moshi. Jumatatu angeanza kulinda lango."

Lugembe aliketi chini, puu! Mayala aliumia moyo, lakini pingu akazitoa.

"Aliyeua ni mtu mmoja, bwana, si kamati. Nitaandika hivyo hivyo."

Kisha akamwinamia Lugembe. "Utapelekwa mbele ya hakimu. Una mtu wa kukusemea?"

Lugembe aliutazama mwili uliofunikwa gunia.

"Nilikuwa naye," alisema. "Ndiye huyo hapo."